Kumsindikiza Mzazi: Mwongozo Kamili kwa Anayejitolea Kusaidia Familia za Watoto Wenye Mahitaji Maalumu ya Kielimu Nchini Uganda

Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili anayeishi Uganda, awe mfanyabiashara wa Busia au Malaba, mkimbizi kutoka Kongo aliyepewa kiwanja Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali, au mkazi wa Katwe jijini Kampala, ambaye amewaona majirani zake wakihangaika na mtoto asiyesikia, asiyeona, mwenye mtindio wa ubongo, kifafa, usonji au ugumu wa kujifunza, na ambaye yuko tayari kutoa saa chache za wiki yake kuwasaidia. Kazi hii haidai shahada. Inadai subira, uaminifu, uwezo wa kusoma na kuandika, na jambo jingine ambalo wengi hulidharau, nalo ni kuweza kuzungumza na mzazi kwa lugha inayomtoka moyoni, kisha kuyafikisha maneno yake bila kuyapunguza kwa mwalimu mkuu au daktari anayezungumza Kiingereza, Kiganda, Kitoro au Kinyankole.

Kila hatua hapa chini inasimama juu ya msimamo mmoja. Anayejitolea hamchukui mtoto, wala hakai mahali pa mzazi. Anamsindikiza mzazi hadi kwenye ofisi, kliniki na darasa ambako huyo mzazi ndiye atakayesema na ndiye atakayeamua. Nimeona msaada mwingi wenye nia njema ukikauka kwa sababu mzazi aligeuzwa mtazamaji wa mambo ya mtoto wake mwenyewe, na siku msaidizi alipohama, hakuna aliyejua karatasi ziko wapi wala nani aliahidi nini.

Hatua ya kwanza: jipime, upate kibali, usome sheria

Amua kwanza utatoa muda gani na kwa familia ngapi. Saa mbili kila Jumamosi kwa mwaka mzima zina faida kubwa kuliko juma moja la kushinda huko kila siku likifuatiwa na ukimya. Kwa anayeanza, familia mbili zinatosha.

Usiingie katika nyumba za watu ukiwa umejituma mwenyewe. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umweleze nia yako na umwombe barua ya utambulisho. Ukiwa katika makazi ya wakimbizi, ripoti pia katika ofisi ya kamanda wa makazi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na uulize ni mashirika gani tayari yanahudumia watoto wenye ulemavu mahali hapo, msije mkagongana. Jitambulishe vilevile kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na kwa timu ya afya ya kijiji. Wajumbe wa timu hiyo huingia nyumba hadi nyumba, na mara nyingi wanajua ni wapi mtoto amefichwa.

Sheria zisome mapema, kwa kuwa utazihitaji siku ambayo hutakuwa na muda wa kuzitafuta. Katiba ya 1995, katika ibara ya 30, inampa kila mtu haki ya elimu, na ibara ya 35 inalinda heshima ya watu wenye ulemavu. Elimu ya msingi kwa wote, ambayo watu huiita UPE, ilianza mwaka 1997. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza taasisi ya elimu kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Sheria ya Watoto, kwa upande wake, inawataka wazazi na Serikali wahakikishe kwamba mtoto mwenye ulemavu anapimwa mapema na anapata nafasi sawa ya kusoma. Kumbuka kwamba wajibu huo umewekwa juu ya mzazi na Serikali kwa pamoja. Wapo maofisa wanaotaja nusu ya kwanza tu.

Hatua ya pili: ziara ya kwanza ni ya kusikiliza

Omba siku na saa kupitia mtu ambaye familia inamwamini. Ukifika, salimu wakubwa wa nyumba kwanza, kisha msalimie mtoto mwenyewe, kwa jina lake, hata kama umeambiwa hasikii au haelewi. Mama yake pia muulize angependa umwite nani. Huko mtaani huenda wamemzoesha kuitwa "mama wa yule bubu" au "mama wa kiwete", na ukimwita kwa jina la mtoto wake kwa heshima, ataona tangu dakika ya kwanza kwamba umekuja kwa njia nyingine.

Siku hiyo usibebe fomu. Daftari dogo linatosha, nalo ulifungue baada ya kuomba ruhusa na kueleza ni nani atakayelisoma. Swali la kwanza liwe wazi: "Mama, nieleze siku yenu inavyokwenda kuanzia asubuhi." Kutokana na jibu la swali hilo utajua ni nani anayemwogesha mtoto, ni nani anayebaki naye mama akienda shambani au sokoni, anakula nini na kwa muda gani, analala vipi, na ni kitu gani kinachomfurahisha. Hili la mwisho liandike kwa mkazo, kwa sababu mwalimu atakayempokea atalihitaji kuliko jina la ugonjwa.

Jiandae kusikia lawama. Mama wengi wameambiwa na wakwe au majirani kwamba mtoto ni laana, kwamba amerogwa, au kwamba ni malipo ya dhambi ya ujana. Baba wengine wameondoka kwa sababu hiyo hiyo. Usidharau imani ya nyumba, wala usibishane na mchungaji au shehe aliyepita kabla yako. Eleza kwa utulivu yale yanayojulikana: kwamba mtindio wa ubongo unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au ugonjwa mkali wa manjano wa siku za kwanza, kwamba malaria kali na homa ya uti wa mgongo huweza kuacha uziwi, kifafa au udhaifu wa viungo, na kwamba hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotokana na tabia ya mama. Sentensi hii ya mwisho irudie mbele ya baba na bibi pia, si mbele ya mama peke yake.

Ahadi usitoe. Usiseme "tutampatia kiti cha magurudumu" wala "shule itampokea". Sema utakachofanya wewe mwenyewe kabla ya ziara ijayo, kisha ukifanye.

Hatua ya tatu: tenganisha ugumu wa lugha na ugumu wa kujifunza

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kuliko wengine. Katika shule nyingi za msingi za Uganda, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya eneo husika, na kuanzia hapo mambo huhamia Kiingereza. Mtoto aliyetoka Kongo akiwa darasa la nne kwa Kifaransa na Kiswahili anaweza kurudishwa darasa la kwanza Kyegegwa au Isingiro, akakaa kimya kwa miezi, na mwalimu akamwandika kuwa "mzito". Kinyume chake pia hutokea: mtoto ambaye kweli hasikii vizuri huachwa miaka miwili kwa sababu kila mtu anadhani tatizo ni lugha.

Mwombe mzazi akueleze mtoto alivyo nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. Anaelewa hadithi? Anatumwa dukani akarudi na alichotumwa na chenji kamili? Anageuka akiitwa kutoka nyuma bila kuona midomo? Husogeza kitabu karibu sana na macho? Maswali yanayofaa ni yale ya uwezo wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na jibu la kila moja liwe na daraja: hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Wewe si daktari, hivyo jina la hali usiliandike. Andika unachokiona na unachoambiwa. Kwa mtoto asiyesikia, uliza pia alijifunza alama wapi, kwa kuwa lugha ya alama ya Kenya na ile ya Uganda hazifanani katika kila jambo, na mtoto aliyevuka mpaka wa Busia atahitaji muda wa kuzoea.

Hatua ya nne: tengenezeni faili la mtoto

Ningeambiwa nichague hatua moja tu katika mwongozo huu mzima, ningechagua hii. Familia nyingi zimehudhuria kliniki kwa miaka, zimepimwa, zimeandikiwa barua, na leo hazina hata karatasi moja, kwa sababu daftari la hospitali lililowa mvua, lilibaki kwa shangazi, au lilipotea siku ya kukimbia vita. Kila ofisi mpya inaanza upya, na mama anasimulia yale yale mbele ya mgeni mwingine.

Nunueni jalada gumu na mifuko ya plastiki ya kuingizia karatasi. Ndani yake ziwekwe kadi ya chanjo, cheti au taarifa ya kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi au karatasi ya familia kwa wakimbizi, madaftari yote ya hospitali hata yaliyochakaa, barua za rufaa, ripoti za shule, na picha ya mtoto ya pasipoti. Familia ambayo haijasajili kuzaliwa kwa mtoto iulize utaratibu katika ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili.

Ukurasa wa kwanza wa faili ni maelezo ya mtoto, nusu ukurasa tu, yanayotoka katika kinywa cha mzazi na kuandikwa kwa lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza. Yaanze na jina na umri, yaendelee na anachoweza, anachopenda, namna anavyowasiliana, anachohitaji kusaidiwa, dawa anazotumia na saa zake, na ishara za hatari. Kwa mtoto mwenye kifafa andikeni kwa uwazi kwamba akianguka alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na kwamba degedege likizidi dakika tano apelekwe kituo cha afya mara moja. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelishwa, andikeni kwamba huketishwa wima, kichwa kikielekea mbele kidogo, na kamwe halishwi akiwa amelala chali, kwa sababu chakula huweza kuingia kwenye mapafu.

Msomee mzazi maneno yote kabla ya kuyaweka ndani. Akisema neno fulani linamwaibisha mtoto wake, libadilishwe bila mjadala. Faili hukaa nyumbani kwake. Wewe huna nakala isipokuwa amekubali, na picha za karatasi zake hazipiti katika makundi ya WhatsApp.

Hatua ya tano: kliniki na upimaji

Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu ili kupata barua ya rufaa, kwa kuwa kwenda hospitali kubwa bila barua mara nyingi ni kupoteza nauli. Kutoka hapo hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale, Hoima, Mbarara, Fort Portal na Arua ndizo zinazofuata. Mtoto mchanga ambaye kichwa kinakua haraka kupita kawaida, au aliyezaliwa na mgongo wazi, asisubiri foleni ya kawaida. Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale imekuwa ikifanya upasuaji wa hali hizo tangu 2001. Kwa miguu iliyopinda na viungo vinavyohitaji upasuaji na mazoezi, ipo hospitali ya CoRSU katika barabara ya Kampala kwenda Entebbe.

Kabla ya safari, andikeni maswali matatu ambayo mama anataka yajibiwe, na piga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula. Ndani ya chumba cha daktari, kaa nyuma ya mama badala ya mbele yake. Ukitafsiri, tafsiri kila sentensi kama ilivyosemwa, hata ile unayoiona haina maana. Mwisho mwombe daktari aandike kwa herufi zinazosomeka: ni nini kimeonekana, dawa gani, kwa muda gani, na tarehe ya kurudi. Dawa za kifafa zisikatishwe ghafla kwa sababu mtoto "amepona" au kwa sababu ameombewa. Ziishe kwa neno la daktari tu.

Upimaji wa kielimu huulizwa katika ofisi ya elimu ya wilaya, kwa mkaguzi wa shule anayeshughulikia elimu maalumu. Walimu wengi wa fani hiyo wamesomea Chuo Kikuu cha Kyambogo, na katika kila eneo huenda yuko mmoja anayefundisha darasa la kawaida bila mtu kujua ujuzi wake. Mtafuteni.

Hatua ya sita: shule

Mazungumzo na mwalimu mkuu ndiyo kilele cha kazi hii, na ndipo mzazi huogopa zaidi. Fanyeni mazoezi nyumbani siku moja kabla. Wewe uwe mwalimu mkuu, mama ajitambulishe na aeleze ombi lake; rudieni mpaka sauti yake itulie.

Chagueni maombi matatu, si kumi. Madarasa ya UPE yenye watoto zaidi ya 100 si jambo geni, na mwalimu aliyeletewa orodha ndefu atakataa yote kwa pamoja. Kwa mtoto asiyesikia vizuri, ombeni akae mbele mahali anapouona mdomo wa mwalimu, mwalimu asiongee akiwa ameelekea ubao, na mwenzake mmoja amwonyeshe daftari. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, ombeni chumba kisicho na ngazi, muda mrefu wa kuandika au kujibu kwa mdomo, na utaratibu wa kwenda chooni. Kwa mwenye kifafa, ombeni asirudishwe nyumbani kila akianguka, walimu wote wajue la kufanya, na wanafunzi waelezwe kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate.

Mama aanze kusema. Mwalimu mkuu akigeuka na kuongea na wewe, nawe geuka umwangalie mama kabla ya kutafsiri, naye atafahamu mwenye neno ni nani. Ingieni mkiamini kwamba mwalimu si adui. Mara nyingi ni mtu aliyelemewa, ambaye hakuwahi kufundishwa namna ya kumpokea mtoto huyu. Michango ya chakula cha mchana, sare na mitihani izungumzwe wazi siku hiyo hiyo, kwa kuwa watoto wengi huacha shule kwa ajili ya michango hiyo na si kwa ajili ya ulemavu wao. Na kama mtoto alipigwa hapo awali kwa "ukaidi", kumbusheni kwa adabu kwamba marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni.

Mkitoka, andikeni tarehe, nani alikuwepo na nini kilikubaliwa, kisha mpelekee mwalimu mkuu nakala. Akikataa kumpokea mtoto, ombeni sababu kwa maandishi. Ombi hilo peke yake hubadilisha majibu mengi. Lisipobadilisha, nendeni kwa kamati ya usimamizi wa shule, halafu kwa afisa elimu wa wilaya, faili likiwa mkononi.

Kuhusu shule maalumu, kama ile ya viziwi ya Ntinda au ile ya wasioona ya Madera huko Soroti, uamuzi ni wa familia. Kwa mtoto kiziwi, kuishi na wenzake wanaotumia lugha ya alama kuna thamani ambayo shule ya kijijini haiwezi kuitoa. Lakini bweni lina gharama, nauli na umbali. Mzazi aende akaione shule kabla ya kulipa. Aone bweni hufungwaje usiku, milango ni mingapi, madirisha yana vyuma visivyofunguka au la, na nani analala na watoto. Mwezi Oktoba 2022 moto uliteketeza bweni la shule ya wasioona wilayani Mukono na kuua watu 11, na mzazi anayeuliza maswali haya hapaswi kuonekana msumbufu.

Kwa mtoto anayekaribia darasa la saba, jambo moja halingoji: mahitaji yake yaandikwe UNEB, baraza la taifa la mitihani, wakati wa usajili, ambao hufanyika miezi mingi kabla ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa Novemba. Baraza hilo hutoa muda wa ziada, karatasi za breli au maandishi makubwa, wakalimani wa lugha ya alama na waandishi wa kusaidia, ila ni kwa yule aliyeombewa na shule yake. Muhula wa kwanza, mzazi aulize kama ombi limetumwa.

Hatua ya saba: waunganisheni wazazi wenyewe

Familia zikifika nne au tano, ziulize kama zingependa kukutana mara moja kwa mwezi. Mahali pawe panapofikika na kiti cha magurudumu, na watoto waje. Kikao kiongozwe na mzazi mmojawapo. Baba waalikwe kwa majina yao. Mwaliko wa jumla hawauitikii. Hapo mama wa mtoto wa miaka kumi atamfundisha mama wa mtoto wa miezi sita mambo ambayo wewe na mimi hatuyajui.

Kikundi kikitaka kuweka akiba, sanduku liwe na kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, nawe usiwe mmoja wao. Raia waulize kwa afisa maendeleo ya jamii kuhusu ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu, na kuhusu mpango wa maendeleo wa parokia (eneo la utawala, si la kanisa) ulioanza 2022, ambao umetenga asilimia 10 ya fedha zake kwa watu wenye ulemavu. Wewe usikopeshe wala usikope.

Mipaka isiyovukwa

Usikae peke yako na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa, usimpige picha kwa ajili ya kuomba misaada, na usisimulie habari za nyumba moja katika nyumba nyingine. Ukiona dalili za kupigwa, kufungwa kamba, kunyimwa chakula au kudhalilishwa kingono, usifanye uchunguzi wako mwenyewe: piga 116, simu ya bure ya watoto iitwayo Sauti, au nenda kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Hata hivyo tofautisha ukatili na kukosa njia. Mama anayemfunga mtoto kitambaa kiunoni kwa saa moja ili akachote maji anahitaji jirani wa kukaa na mtoto huyo kabla ya kuhitaji askari, na kazi yako siku hiyo ni kumtafuta jirani.

Namna ya kupunguza ziara

Mwambie mzazi mapema kwamba ziara zitapungua, angalau muhula mmoja kabla. Mkutano unaofuata wa shule aende akiwa mbele na wewe ukisubiri nje. Wa baada ya huo aende na mzazi mwenzake wa kikundi, kisha akusimulie. Pitieni faili pamoja mara ya mwisho, karatasi kwa karatasi, mhakikishe anajua kila moja ni ya nini hata kama hasomi Kiingereza. Wekeni alama ya rangi kwenye zile anazotakiwa kuzitoa mara kwa mara. Ndani ya jalada ziandikwe namba za mwalimu wa darasa, afisa maendeleo ya jamii, mwenyekiti wa LC1 na mzazi mwenzake, pamoja na tarehe ya kliniki ijayo.